Maneno Adimu ya Kiingereza: Namna ya Kupata Maana na Matamshi Bila Kubahatisha

Kijana mmoja anayeongoza watalii Arusha alinitumia ujumbe wa sauti wa sekunde tisa. Baada ya shikamoo, alisema neno moja mara tatu, kila mara kivyake, kisha akacheka: "Mwalimu, hili limenishinda." Neno lenyewe ni "crepuscular". Alilikuta kwenye karatasi za mafunzo, akawa analisema "krepusikula", na kwa kuwa linafanana na "muscular", akadhani linamhusu mnyama mwenye misuli.

Si yeye peke yake. Ujumbe wa aina hiyo nimeupokea mara nyingi, na wengi mnakwama pale pale. Mnasoma herufi kama mnavyosoma Kiswahili, mnakisia maana kwa kufananisha, mnabonyeza kitufe cha spika mara moja, mnafunga kamusi. Kesho yake neno limetoroka. Basi nimeandika hatua zote hapa. Neno la kijana wa Arusha tutatembea nalo mwanzo hadi mwisho, mengine yatapita njiani.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na penseli. Penseli, kwa sababu utafuta sana.
- Kamusi mbili za Kiingereza kwa Kiingereza, moja ya Uingereza na moja ya Marekani. Za bure mtandaoni zinatosha. Cambridge ina sauti za pande zote mbili, na Merriam-Webster ni ya Kimarekani.
- Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili, kama ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili). Hiyo tutaifungua baadaye, si mwanzoni.
- Simu yenye kinasa sauti, na spika za masikioni. Spika ya simu peke yake humeza sauti ndogondogo, na hizo ndizo tunazozitafuta.

Programu ya kulipia huihitaji. Muda wa kutosha kwa neno moja ni kama robo saa, na ukishazoea utatumia dakika tano.

## Hatua ya 1: Nakili neno pamoja na sentensi yake

Andika sentensi nzima ulimolikuta neno, herufi kwa herufi, kisha lipigie mstari. Ukinakili neno peke yake umeacha nusu ya ushahidi.

Herufi moja hugeuza kila kitu. "Prescribe" ni kuagiza, kama daktari anavyomwandikia mgonjwa dawa. "Proscribe" ni kupiga marufuku. Tena neno lile lile huweza kutamkwa kwa namna mbili kulingana na kazi yake. "Minute" ya saa ni /ˈmɪnɪt/, lakini "minute" yenye maana ya kidogo mno ni /maɪˈnjuːt/ (alama hizi za matamshi tutazisoma hatua ya 4). Bila sentensi utajuaje unatafuta lipi?

Kisha livue neno viambishi. "Indictments" litafute kama "indict", na "eschewed" kama "eschew".

Sentensi ya kijana wetu ilisema kwamba wanyama wengi "crepuscular" hupumzika jua linapokuwa kali. Hata kabla ya kufungua kamusi tunajua mambo mawili: ni kivumishi, na kinahusu muda wa siku. Misuli haimo.

## Hatua ya 2: Maana kwanza, sauti baadaye

Fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza. Kwa nini si ile ya Kiswahili? Kamusi ya lugha mbili, kwa ufinyu wa nafasi, mara nyingi hukupa neno moja badala ya maelezo, na neno adimu halibebeki kwa neno moja. Maneno mengi ya aina hii hata hayamo humo.

Hapa ndipo kufananisha kunapoua watu. Angalia haya:

- "Noisome" si chenye kelele. Ni chenye kunuka vibaya au kudhuru. Mzizi wake ni ule wa "annoy", hauna undugu na "noise". Nimewahi kutafsiri kichochoro cha namna hiyo kuwa kichochoro chenye kelele, kazi ikachapishwa, na mpaka leo sipendi kuifungua.
- "Enervate" si kutia nguvu. Ni kunyong'onyeza, kumaliza nguvu.
- "Restive" halimwelezi farasi aliyepumzika. Ni yule asiyetulia, anayegoma kuongozwa.
- "Meretricious" si chenye kustahili sifa, ingawa linafanana na "merit". Ni kitu chenye mng'ao wa nje tu, ndani hamna kitu.

Soma pia vitambulisho vinavyoandikwa kabla ya maana. "Archaic" inakuambia neno ni kuukuu ila bado huonekana mtu anapotaka ladha ya zamani. "Obsolete" ni neno lililokufa kabisa katika matumizi. Kamusi kubwa ya Oxford huliwekea alama ya msalaba mdogo, †. "Literary" ni la kitabuni. Ukimwandikia bosi barua kwa neno lenye msalaba, utakuwa kama mtu aliyeingia ofisini na deraya na ngao.

Tahadhari: usiamini kamusi moja. Kamusi ya Webster ya mwaka 1934 iliingiza neno "dord" kwa maana ya uzito wa mata kwa ujazo. Neno hilo halikuwahi kuwepo. Kilichoandikwa kwenye karatasi ya mhariri kilikuwa "D or d", yaani herufi D kubwa au ndogo kama kifupisho, na mtu akaviunganisha. Kosa liligunduliwa mwaka 1939. Kama hao walipitiwa, tovuti isiyo na mwenyewe itapitiwa mara ngapi?

Kwa neno letu kamusi zote mbili zinakubaliana: linahusu mwanga hafifu wa alfajiri na jioni, na kwa wanyama, wale wanaotoka kutafuta riziki nyakati hizo. Wala si wa mchana wala si wa usiku wa manane.

Jipime hivi: rudisha maana kwenye sentensi ya hatua ya kwanza, uisome yote kwa Kiswahili. Ikisomeka bila kukwaruza, endelea. Ikikwaruza, umechukua maana namba moja ilhali ulitakiwa namba tatu.

## Hatua ya 3: Uliza neno limetoka wapi

Usiogope, hatuendi kwenye somo la historia. Tunataka kitu kimoja tu: lugha lilikotoka, kwa sababu mara nyingi ndiyo inayoamua herufi zitamkwe vipi. Kamusi nzuri huandika asili chini ya maana.

Chukua "ch". Neno likitoka Kigiriki, karibu kila mara ni k: "petrichor", "chimera", "archipelago". Likiingia kutoka Kifaransa, aghalabu ni sh: "chicanery", yaani ujanjaujanja wa kulaghai, na "charlatan", tapeli anayejifanya mjuzi. Likiwa la Kiingereza cha asili ni ch ya "chai": "churl", mtu asiye na adabu.

"Petrichor" nalipenda. Lilibuniwa mwaka 1964 na watafiti wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, kwa Kigiriki cha jiwe na cha kimiminika kilichosemwa kutiririka kwenye mishipa ya miungu. Ni ile harufu inayopanda mvua inapoipiga ardhi kavu. Ukishajua ni Kigiriki, husemi tena "petrichori" kwa ch ya chai.

Herufi za mwanzo pia. Kigiriki kikianza na "pn", "ps" au "mn", ile ya kwanza kwa kawaida haisemwi: "mnemonic" huanzia kwenye n. Ila usiweke imani yote hapo. "Ptarmigan", jina la ndege wa nchi za baridi, linatoka Kigaeli cha Scotland na halikuwa na p. Kuna waliodhani ni Kigiriki wakaichomeka. Bahati nzuri haitamkwi.

## Hatua ya 4: Soma alama za fonetiki, si herufi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, kwa sababu alama zinatisha. Ukweli ni kwamba msemaji wa Kiswahili anazo sauti nyingi tayari mdomoni. Kinachokosekana ni kujua alama ipi ni sauti ipi.

Konsonanti zitakazokusumbua macho tu:

- /θ/ ni th ya "thamani".
- /ð/ ni dh ya "dhahabu".
- /ŋ/ ni ng' ya "ng'ombe".
- /ʃ/ ni sh ya "shamba", na /tʃ/ ni ch ya "chai".
- /dʒ/ iko karibu na j ya "jambo".
- /j/ ni y ya "yai". Rudia hii mara tatu. Watu wengi wakiona /j/ wanasema j, na neno lote linaharibika.

Ngeni ni /ʒ/. Sema sh ndefu, kisha uiongezee mtetemo wa koo, kama unavyotoka kwenye s kwenda z. Basi, umeipata.

Kazi iko kwenye irabu. Sisi tunazo tano. Kiingereza kinazo nyingi zaidi, na kadhaa kati ya hizo tunazitia zote kwenye chungu kimoja cha a. Ndiyo maana "bad", "bud", "bard" na "bird" kwenye vinywa vyetu huwa neno moja. Yatenganishe hivi: /æ/ iko kati ya a na e, mdomo wazi. /ʌ/ ni a fupi, karibu na yetu. /ɑː/ ni ndefu ya nyuma, karibu na aa ya "kaa". /ɜː/ ni ndefu, midomo imelegea, haifanani na chochote chetu. Nukta mbili hizo, ː, maana yake ni vuta.

Ndefu nyingine ni rahisi: /iː/ karibu na ii ya "mtii", /uː/ karibu na uu ya "kuu", /ɔː/ karibu na oo ya "choo".

Inabaki shwa, /ə/, ile e iliyopinduliwa. Ndiyo irabu inayosikika zaidi katika Kiingereza, na sisi hatunayo. Legeza taya, midomo isikunjwe wala kutandazwa, ulimi ulale katikati, toa sauti fupi isiyo na juhudi. Ukiona unajitahidi, si shwa. Inaweza kuandikwa kwa a, e, i, o au u; ndiyo maana herufi hazikusaidii.

Tahadhari moja: Merriam-Webster haitumii alama hizi, ina zake. Yenyewe huandika y kwa sauti ya y, na huweka shwa hata mahali ambapo Cambridge ingeandika /ʌ/. Usichanganye mifumo miwili kwenye mstari mmoja wa daftari.

Sasa neno letu: /krɪˈpʌskjʊlə/. Hesabu irabu, ni nne, kwa hiyo silabi nne. Katikati kuna /kj/, ambayo ni "ky", si "kj". Ile "u" ya kwanza ni a fupi. Mwisho ni shwa. Linganisha na "krepusikula" uone umbali. Utakuta kamusi nyingine zimeandika shwa badala ya /ʊ/, na r mwishoni kwa Wamarekani. Tofauti hizo ni ndogo, zisikunyime usingizi.

## Hatua ya 5: Weka mkazo mahali pake

Ukiwa na dakika mbili tu za kujifunza neno, zimalizie hapa.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosa, na tunahamishia tabia hiyo kwenye Kiingereza bila kujua. Lakini sisi wenyewe tunajua mkazo unaweza kufanya nini. Sema "barabara" ya magari, kisha sema "barabara" ya kitu kilicho sawasawa kabisa. Herufi zile zile, mkazo umehama, maana imehama. Kiingereza kinafanya hivyo kila siku.

Kwenye fonetiki, alama ˈ hukaa kabla ya silabi yenye mkazo. Kabla, si baada. Ukiona nyingine ya chini, ˌ, hiyo ni ya mkazo mdogo.

Fanya hivi:

1. Katia silabi kwa nukta: krɪ.pʌs.kjʊ.lə.
2. Zungushia duara silabi inayofuata alama ˈ. Hapa ni "pʌs".
3. Gonga meza mara nne, pigo la pili liwe zito. Usiseme neno bado, gonga tu.
4. Sasa sema juu ya mapigo, polepole. Silabi nzito iwe ndefu na ya juu kidogo, nyingine zikimbie.

Jaribu na haya. "Epitome", mfano halisi wa kitu, ni /ɪˈpɪtəmi/: silabi nne, nzito ya pili, na e ya mwisho inasemwa. "Hyperbole", kutia chumvi, ni /haɪˈpɜːbəli/. "Pulchritude", uzuri wa sura licha ya sauti yake ya kukwaruza, ni /ˈpʌlkrɪtjuːd/, nzito ya kwanza. "Awry", mambo kwenda mrama, ni /əˈraɪ/. Kila ninayemsikia akilisoma kwa mara ya kwanza husema "ori".

Umefaulu ukiweza kugonga meza bila kusema neno, na mtu mwingine mwenye kamusi akatambua silabi nzito ni ipi.

## Hatua ya 6: Futa herufi zisizosemwa

Chukua penseli, pitia neno ulilonakili, kata kila herufi isiyo na mwenziwe kwenye fonetiki.

Nilipokuwa najifunza kusoma taarifa ya Kiingereza kwenye kituo kimoja cha redio, nilisoma "indicted" hewani kwa c kavu kabisa. Mzee wa mitambo alisubiri wimbo uanze, akavua spika za masikioni, akaniambia, "Mwanangu, hiyo c ni ya kuangalia tu." Ni /ɪnˈdaɪtɪd/, kushtakiwa rasmi. Sijakosea tena.

Maneno ya baharini ndiyo mabaya kuliko yote, kwa sababu kwa mengi yake mabaharia walikata sauti lakini tahajia ikabaki nzima. "Boatswain", ambaye pwani tunamwita serahangi, ni /ˈbəʊsn/. "Gunwale", ukingo wa juu wa ubavu wa chombo, ni /ˈɡʌnl/. "Forecastle", sehemu ya mbele ya meli, ni /ˈfəʊksl/. "Victuals", yaani vyakula, ni /ˈvɪtlz/, na "quay", gati, inalingana kabisa na "key". Hapa hakuna kanuni ya kukuokoa. Kata herufi, kariri.

## Hatua ya 7: Sikiliza, jirekodi, linganisha

Sasa, si kabla, bonyeza spika. Ukisikiliza kabla ya kusoma fonetiki, sikio husikia kile ambacho ubongo ulishaamua.

Sikiliza mara tano bila kusema. Kisha jirekodi ukilisema mara tatu, na ndani ya sentensi mara moja. Cheza ya kamusi, cheza yako, cheza ya kamusi. Tofauti utaisikia mwenyewe.

Kosa la kwanza la kutafuta kwenye rekodi yako ni irabu za kuongezea. Kiswahili hupenda kila silabi iishie kwa irabu, hivyo tunatia i na u penye konsonanti zilizobanana. "Borborygmus", mngurumo wa tumbo, ni /ˌbɔːbəˈrɪɡməs/. Mkazo mkuu umeangukia pale tulipozoea, lakini wengi watasema "rigimasi". Tiba: shikilia g bila kuiachia, ulimi wa nyuma ukiwa umebana, kisha funga midomo kwa m. Anza na "rig" peke yake, halafu "məs", halafu zisogeze hadi zigusane.

Chagua upande mmoja, Uingereza au Marekani, ubaki hapo. "Lieutenant" kwa Waingereza ina f, kwa Wamarekani haina. Zote sahihi, ila si katika sentensi moja.

Kuweni macho na video za matamshi. Zipo za utani zinazofundisha matamshi ya uongo kwa uso mkavu. Tovuti ya Forvo, yenye rekodi za watu wa kawaida, inafaa, ila sikiliza zaidi ya mtu mmoja na uwapime kwa fonetiki uliyokwisha iandika.

Lafudhi yako iache. R ya kupigisha ulimi haimzuii mtu kukuelewa. Mkazo ukiwa mahali pasipo pake, ndiyo.

## Hatua ya 8: Andika kadi, kisha uitumie

Sasa fungua kamusi ya Kiswahili uone kama kuna neno linalotosha. Lisipokuwepo, andika maelezo yako. Kadi ya kijana wetu ilitoka hivi:

crepuscular, kivumishi
/krɪˈpʌskjʊlə/, silabi nne, nzito ya pili
kri-PAS-kyu-lə
Mnyama atokaye alfajiri na magharibi, kwenye utusitusi.
Si: mwenye misuli.

Mstari wa tatu uandike kwa Kiswahili kadiri inavyowezekana, lakini shwa ibaki na alama yake. Ukiiandika a, baada ya wiki utasoma a. Mstari wa mwisho usiuache, kwa sababu kosa la kwanza hurudi usipoliwekea uzio. Rudia kadi kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki.

Kulitumia ni habari nyingine. Kwa mgeni wa Kiingereza cha kawaida, eleza tu kwamba mnyama hutoka alfajiri na jioni. Neno lenyewe liwe tayari kwa yule mwenye darubini shingoni na kitabu cha ndege mkononi, anayeuliza kwa makusudi.

Juzi kijana wa Arusha ametuma sauti nyingine. Sekunde nne. Mkazo uko kwenye silabi ya pili, "ky" imekaa, hakuna irabu ya ziada. R ya mwanzo bado anaipigisha ulimi. Nimemjibu "marahaba" tu.